Taa ya Chumba 204

Mara ya pili nalisoma somo hili.
Mara ya kwanza lilinipa mbili nukta tisa,
na huku Valdivia saba ndiyo kilele, nne ndiyo kizingiti.
Nilijikwaa kizingitini, mvua ikinitazama.

Mvua ya hapa haina msimu, ina ratiba.
Huingia darasani kabla ya Profesa Oyarzún,
hutiririka kwenye koti la Baldomero,
huilowanisha kazi yangu ya nyumbani
hadi dy na dx zikavimba kama nzi waliozama.

"Milinganyo tofautishi," alisema siku ya kwanza,
"haikuambii kitu ni kiasi gani.
Inakuambia kinabadilikaje,
kisha inakuacha ukitafute chenyewe gizani."
Millaray akaniandikia pembeni mwa daftari:
*kama kunusishwa moshi
halafu uambiwe uichore nyumba.*

Tukazoea. Yaani, wao walizoea.
Mimi nilitenganisha vigeu kama achambuaye dengu,
y upande huu, x upande ule,
nikajumlisha haba na haba hadi kibaba kikajaa,
nikaisahau C.
Kila mara niliisahau C.
Aliro, kijana anayesahihisha,
alizungushia duara jekundu mahali ilipokosekana,
duara tupu, kama tundu la kifungo.

"Bila C una jibu moja," Profesa alisema,
"na hilo moja umeliokota tu.
Ukiwa nayo una ukoo mzima wa mistari iliyopinda,
yote halali, yote inafanana,
na hakuna hata mmoja ulio wako
mpaka useme ulianzia wapi."

Nilianzia wapi?
Curanilahue, mji wa migodi iliyofungwa.
Chumba kimoja, jiko la kuni,
mama akirudi na harufu ya sabuni ya hospitali
baada ya kufua shuka za watu asiowajua.
Hayo hayakuwa na nafasi kwenye karatasi ya majibu.

Jumanne moja ya Agosti, tukiwa kwenye springi na uzito,
sakafu ilikohoa.
Hakuna aliyekimbia. Kwa tetemeko dogo hatukimbii,
tunanyamaza, tunatazama juu.
Taa ilibembea kwenye waya wake.
Profesa alibaki na chaki hewani
kama aliyekatizwa akitia sahihi.
"Hesabuni," alisema.
Baldomero akawasha saa ya simu,
Millaray akapima kwa kalamu, jicho moja kalifumba:
kwenda, kurudi, kwenda,
kila safari pungufu kidogo,
na upungufu wenyewe ukipungua,
kumi na moja, kumi na mbili,
mpaka hatukujua tena
ni taa inayotikisika au ni sisi.

Niliandika mlinganyo wake, nikaandika suluhisho.
Nikaweka C mbili, maana ulikuwa wa daraja la pili,
na safari hii nilijua ni za nini:
moja, pale taa ilipokuwa;
nyingine, jinsi ilivyosukumwa.

Usiku mama alipiga simu.
"Huko imetikisa?"
"Kidogo."
Alikuwa amesimama kwenye fremu ya mlango, najua,
kama usiku ule nikiwa na miaka minne,
alipojifunga mimi mgongoni kwa shuka
akahesabu sekunde kwa sauti.
Alifika mia moja na sitini,
ardhi bado, akaanza upya na moja.

Mtihani wa mwisho: tatu nukta tisa tano.
Huku wanaikadiria kwenda juu. Nne.
Duara jekundu lilikuwa moja tu,
swali la tano, ishara ya kutoa niliyoipoteza njiani.
Nilimpigia picha mama, nikamtumia.
Akauliza duara lile ni la nini,
na mbona nimejibu kwa herufi,
namba zenyewe ziko wapi.